Unanisikia, Swichibodi?

Mtaa wa vipuri haujui kupumzika. Kila kibanda kina redio yake na kila redio ina wimbo wake, na juu ya nyimbo zote hizo watu wanajaribu simu: hallo, hallo, moja mbili, unanisikia? Pale zinauzwa skrini zilizopasuka, betri zilizovimba, na vifuniko vya nyuma vya simu ambazo mbele zake zilishapotea zamani. Ukipita humo mchana, jua likiwa limekaa juu ya mabati, unatoka kichwa kinavuma kama transfoma.

Humo ndimo alimokuwa akizunguka dada mmoja wa makamo, miguu imemvimba, amevaa gauni la bluu la sare ya hospitali lililofuliwa mpaka likapauka mabegani. Juu yake alitia sweta nyeusi, licha ya joto kali lile. Chumba alichozoea kufanyia kazi hakipati jua. Mkononi alishika mfuko, na ndani ya mfuko hedifoni kuukuu zenye kijiti cha kusemea, zimekatika waya.

"Natafuta kama hizi," alimwambia muuzaji.

Muuzaji alizitoa kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya mtegoni. "Mama, hizi ulichimba wapi? Hizi ndizo Nuhu alizovaa kwenye safina, anauliza kama mvua imekatika."

Wenzake kibandani wakacheka. Dada hakukasirika. Alishachoka kiasi cha kutokasirika.

"Cheka tu, mwanangu. Siku utakapomtafuta mgonjwa wako kwa simu, hizo ndizo zitakazokutafutia wodi."

Aligeuka aondoke. Kibanda cha pili, mwanamume mmoja alikuwa amempa mgongo, ameshika mkono wa simu ya mezani aliyotaka kuinunua, anaupigia kelele: "Jaribio. Jaribio. Moja mbili, unanisikia?"

Dada alisimama pale pale. Sauti ile aliijua kuliko sauti ya ndugu zake. Miaka na miaka, asubuhi kabla hospitali haijachangamka, sauti hiyo ilimwingia sikioni: jaribio, swichibodi, unanisikia? Naye, opareta wa swichibodi ya hospitali, hujibu: nakusikia, sema. Mwenye sauti alikuwa fundi wa laini wa kampuni ya simu, anapima kama nyaya za hospitali zimelala salama. Baada ya hapo hukata. Hawakuwahi kuonana. Katika mawazo yake fundi huyo alikuwa mrefu, anainama akiingia mlangoni.

Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mfupi. Ovaroli ya kaki imetiwa viraka magotini, koleo linaning'inia kiunoni, mvi zimeshuka hadi kwenye ndevu, na mguu mmoja ameupumzisha kama mtu ambaye goti limemgomea.

Dada akasema, kwa sauti yake ya kazini: "Nakusikia. Sema."

Mkono wa simu ulimponyoka mzee yule. Aligeuka, akamtazama dada, akatazama na nyuma yake, kama vile mwenye sauti amejificha huko.

"Swichibodi?"

"Jaribio?"

"Haiwezekani."

"Mbona mfupi hivyo, kaka?"

"Na wewe mbona..." Akakwama.

"Mbona nini? Malizia, usinikatie katikati."

"Nilidhani mwembamba. Sauti yako nyembamba."

"Sauti hailishwi," alisema dada, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka muuzaji akapunguza redio ili asikie kuna nini.

Walikunywa chai wakiwa wamesimama, kwenye kibanda cha pembeni, vikombe vinawaunguza vidole. Jaribio alimwambia hedifoni kama zile anazo. Jumba la mitambo ya simu limejaa vitu vya namna hiyo. Mke wake alifariki zamani, watoto wake wako mbali na humtumia picha za chakula wanachokula. Swichibodi alimwambia anaishi na mdogo wake, msusi, na kwamba mwanamume aliyekuwa naye aliondoka siku moja kwenda kununua vocha hajarudi mpaka leo.

"Vocha hiyo lazima ilikuwa kubwa," alisema Jaribio.

"Atakuwa bado anakwangua."

Basi mapenzi yao yalianza hivyo, bila haraka, kama watu wawili waliobeba mizigo wakakutana kwenye benchi moja. Vijana hupendana kwa macho kwanza. Hawa masikio yalishamaliza kazi kitambo, macho ndiyo yalikuwa yanachelewa kufika.

Simu za asubuhi ziliendelea, ila sasa zilikuwa ndefu kidogo.

"Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?"

"Jaribio. Unanisikia?"

"Nakusikia. Sema."

"Laini yako ina mkwaruzo."

"Laini yangu haina mkwaruzo wowote. Mkwaruzo ni wewe."

"Niko juu ya nguzo, mpenzi. Ni upepo huo."

"Shuka, mzee mzima. Ukianguka nitakuunganisha na wodi ya mifupa."

"Ukiniunganisha kwa mkono wako, naanguka sasa hivi."

"Kata bwana, watu wanasubiri." Lakini hakuuchomoa waya mpaka alipomsikia anacheka.

Swichibodi yenyewe ilikuwa kabati la mbao lenye matundu na taa ndogo ndogo, na nyaya zenye vichwa vya shaba. Taa ikiwaka, unachomeka waya tundu lile, unauliza, unachomeka wa pili tundu jingine, watu wawili wanakutana. Mashine ya kizee, iliyosahauliwa pale kwa sababu haikuwahi kuharibika. Dada aliijua hata gizani, hata akiwa na homa. Mikono yake ilikuwa imepinda kidogo viwikoni kwa kuinyooshea.

Jumamosi alasiri alikuwa akienda jumba la mitambo. Kampuni ilikuwa inang'oa nyaya zote za shaba mjini na kuweka mkongo wa nyuzi za kioo, na meneja akataka ghorofa ya chini iwe chumba cha maonyesho, watu waje waone binadamu walivyopelekeana habari tangu zamani. Jaribio alipewa kazi ya kusafisha vitu na kuvipanga. Mikono yake ilijua kusafisha. Maneno ya vikadi vya maelezo yalimshinda. Akamwomba Swichibodi amtungie.

Chumba kilinuka petroli na vumbi la moto. Jaribio alikaa sakafuni akisugua kwa mswaki wa zamani, mguu mbovu ameunyoosha. Swichibodi, amevaa gauni lake la maua la siku za mapumziko na viatu amevivua, alipita kitu hadi kitu.

"Ngoma," alisema. "Niandike nini?"

"Andika ilifika mbali kuliko sauti ya mtu. Kijiji kinapiga, kingine kinapokea, habari inamtangulia hata mtu aliyepanda farasi."

"Na mpigaji alikwenda wapi?"

"Mpigaji gani?"

"Wa ngoma. Ilipoletwa telegrafu, yeye alikwenda wapi? Hilo hamna kwenye karatasi zako?"

Jaribio aliunyoosha mswaki upande wa pili. Akamwonyesha tundu la njiwa, tupu, mlango umefungwa kwa waya. Akamweleza jinsi njiwa alivyofungwa kikaratasi mguuni akarudi kwao hata kama kwao ni ng'ambo ya milima. Kwamba kuna nchi zilijengwa minara vilimani, yenye mikono mikubwa ya mbao juu yake, mtu wa mnara huu anatazama kwa darubini mikono ya mnara ule na kuiga, na habari inavuka nchi nzima bila mtu kunyanyua mguu. Ukungu ukishuka, habari inalala njiani.

"Kazi nzuri hiyo," alisema Swichibodi. "Ukungu ukiingia na wewe unalala. Mimi ukungu haujawahi kunipumzisha."

Telegrafu ilimpendeza zaidi. Kidude cha shaba, unakigonga, kinalia vitone na vistari mwisho wa waya. Jaribio alimwambia kuwa makarani wa telegrafu walijuana kwa ugongaji wa vidole tu: huyu anagonga kwa pupa, huyu anavuta kistari kama mtu aliyeshiba. Hawajaonana hata siku moja, lakini mmoja akiugua, akakaa mtu mwingine kwenye kiti chake, mwenzake wa mbali anajua.

"Kama sisi."

"Kama sisi, mpenzi. Wengine walioana."

"Usinianze."

Wakafika kwenye simu. Jaribio akamsimulia kwamba mwanzoni kwenye swichibodi waliwekwa vijana wa kiume, wakawa wanawatukana wateja na kupigana mieleka kazini, mpaka wakaletwa wanawake ndipo watu wakasikilizwa.

"Hapo sihitaji kikadi, naamini."

"Sasa sikia hii. Unajua nani aligundua mashine ya kuunganisha simu bila opareta? Mzishi. Mtu wa majeneza. Inasemekana opareta wa mji wao alikuwa mke wa mzishi mwenzake, na kila aliyefiwa akipiga simu, mama anamuunganisha na mumewe. Jamaa akaona biashara inakufa kabla ya wateja. Akakaa chini akabuni mashine ya kumwondoa opareta."

Swichibodi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Katikati ya chumba kulikuwa na meza pana, imepigwa vanishi mpya, haina kitu juu yake. Akajitupa hapo.

"Kwa hiyo sisi tumezikwa na mzishi! Haya. Wangu bado hajafika tu." Akajipangusa machozi. "Na hii meza mbona tupu? Patakaa nini hapa?"

Jaribio aliinamia mswaki wake. "Bado hawajaamua."

Alikuwa anajua. Meneja alimwambia siku ile ile meza ilipoingizwa: hapo patakaa swichibodi ya hospitali, hakuna nyingine nzima iliyobaki. Wakubwa wa hospitali nao walikuwa na habari, wakasema opareta watamwambia wenyewe. Wao wakadhani msimamizi wa wauguzi atamwambia, msimamizi akadhani wamemwambia wao. Mtu pekee aliyejua kwamba hakuambiwa alikuwa huyu aliyekaa sakafuni na mswaki.

Alikusudia kumwambia. Kila asubuhi alipanda nguzo na maneno mdomoni, akisikia "nakusikia, sema," anasema habari za mkwaruzo, za mvua, za goti lake. Alikuwa ameishi peke yake muda mrefu, na ile sauti ilikuwa ndiyo kitu chema cha siku nzima. Hakutaka kuwa yeye wa kuichafua. Akaacha siku zipite, na siku hazina tabia ya kumsubiri mtu.

Mafundi wa laini wana desturi moja ambayo hakuna aliyewaandikia. Kabla ya kukata laini, fundi anaipigia kwanza. Hata kama ana amri, hata kama mvua inamnyeshea. Anapiga, anasema: nakata, kama una mtu kwenye laini maliza naye. Ndipo anakata. Asiyefanya hivyo wenzake humwona kama mtu aliyezima taa huku watu wanakula.

Asubuhi ya kukata, Jaribio alipiga magoti mbele ya kabati la laini nje ya ukuta wa hospitali. Alikuwa na simu ya kupimia kiunoni. Aliishika. Akafikiria sauti itakayoitika. Akairudisha kiunoni, akachukua koleo, akakata kimya kimya, kama mwizi.

Ndani, kwenye chumba kisichopata jua, Swichibodi alikuwa na mama mmoja mzee kwenye laini. Binti yake aliletwa kujifungua tangu jana na hana habari. "Subiri kidogo, mama, nakuulizia," alimwambia, akachomeka waya wa pili wodi ya wazazi. Muuguzi akapokea. "Huyo? Mwambie mama yake ame—"

Taa zote zikazimika pamoja.

Alichomoa, akachomeka. Akagonga kabati kwa kiganja. Akazivua hedifoni, akakimbia kwa miguu yake ile ile iliyovimba, korido ndefu, ngazi, mpaka wodini. Ame nini? Amehamishwa, alisema muuguzi. Uchungu ulikuwa mgumu, gari la wagonjwa limempeleka hospitali kubwa. Mama yake? Hatuna namba yake. Gari limeondoka na faili.

Akatoka nje kutafuta fundi. Akamkuta fundi.

Jaribio alikuwa bado magotini. Nyaya zilikuwa zimelala majanini, rangi rangi, kama nywele zilizonyolewa.

"Ni wewe," alisema Swichibodi.

"Nilitaka kukwambia."

"Ile meza." Alikuwa anahema. "Ile meza niliyoikalia nikacheka."

"Swichi..."

"Nilikuwa na mtu. Mama mzee, binti yake ana uchungu. Nimemwambia asubiri. Nimemwambia asubiri kidogo, halafu nikamkatikia. Hata namba yake sina. Kwa nini hukupiga? Mnapiga. Ulinieleza mwenyewe, mnapiga kwanza."

"Ningepiga ungepokea wewe."

Hakupaza sauti, na Jaribio angeshukuru kama angepaza.

"Mzishi wangu kumbe alikuwa anakunywa chai na mimi," alisema, akageuka.

Siku iliyofuata hospitali ilikuwa na mashine mpya. Ukipiga, msichana aliyerekodiwa anakwambia bonyeza moja kwa wodi ya wazazi, bonyeza mbili kwa mifupa, na ukikosea anaanza upya bila kuchoka. Swichibodi hawakumfukuza. Walimpa kiti na meza karibu na lango kuu na beji ya plastiki, awe anaelekeza watu. Kutwa nzima: kushoto, mama, ngazi ya pili, mzee, hapana, maabara ni kule ulikotoka. Jua lilimpiga upande mmoja wa uso. Sweta akaiacha nyumbani.

Jaribio alipiga simu ya mkononi. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Akatuma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Akatuma wa sauti, haukusikilizwa. Akampigia mdogo mtu.

"Dada, mfungulie huyo baba simu yako," alisema mdogo wake, akimsuka mteja sebuleni. "Yangu inapata moto."

"Mwambie nimekufa."

"Nilimwambia. Ananiuliza mazishi lini."

"Si ndiyo kazi yake."

Mteja akacheka, Swichibodi hakucheka. Alikuwa ametia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. "Hujui wewe. Kazi yangu ingekwisha hata hivyo, nilijua, sikuwa mtoto. Lakini ndani ya mji huu wote nilikuwa na mtu mmoja ambaye nikisema nakusikia, anasema. Huyo ndiye alinyamaza. Na yule mama sijui yuko wapi. Nikilala namwona ameshika mkono wa simu."

Maneno hayo mdogo wake, ambaye siri haimkai, aliyapeleka yote.

Jaribio hakupiga tena. Alichukua likizo iliyobaki na kuanza kutembea. Kwenye kabati lile la laini alijua ni nyumba zipi zilikuwa bado zinatumia waya wa shaba mpaka asubuhi ile. Hazikuwa nyingi, za wazee zaidi, watu wasiopenda kusumbuana na mabadiliko. Alifuata nguzo kwa nguzo, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, goti linamlilia. Samahani mama, siku simu ilipokatika ulikuwa unaongea na hospitali? Mmoja alimfukuza akidhani anauza kitu. Mwingine alimkalisha akamsimulia habari za marehemu mumewe mpaka chai ikapoa.

Nyumba ya mwisho ya mtaa wa pili, mlango ulifunguliwa na bibi mdogo wa mwili, mtoto mchanga amelazwa begani kwake, anabembelezwa.

"Ni mimi," alisema. "Wewe ndiye uliyekata?"

"Ni mimi, mama."

"Huna adabu."

"Sina, mama. Huyo ndiye mjukuu?"

"Ndiye. Walimpasua mama yake, lakini wote wazima, yuko ndani amelala, usipige kelele." Akambadilisha mtoto bega. "Yule dada wa simu aliniambia subiri kidogo. Nikasubiri. Simu kimya, nimeishika tu. Baadaye nikajiambia, hivi mimi nasubiri nini na miguu ninayo? Nikavaa viatu, nikaenda. Nikafika hospitali, nikaambiwa kule kwingine, nikaenda kule kwingine. Nilifika bado wanamshona." Akamkazia macho Jaribio. "Ukimwona yule dada mwambie hivi: aliniambia nisubiri, mpaka leo hajaniambia kitu. Mwambie nimechoka kusubiri, aje amwone mtoto."

Njiani kurudi Jaribio alikaa kwenye jiwe la ukingo wa barabara. Alifikiria chumba chake cha maonyesho, kuanzia ngoma hadi simu ya mkononi ya kwanza, nzito kama tofali. Vyote alivisugua mpaka vikang'aa. Akaona kuna kitu hakukiweka, kile cha mwanzo kabisa, kilichokuwapo kabla ya ngoma na kabla ya njiwa. Mtu alikuwa na neno la kumwambia mtu, basi anavaa viatu na kwenda.

Asubuhi yake alikuwa kwenye foleni ya lango la hospitali. Hakuvaa ovaroli. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi, na koti lililomtosha zamani. Mbele yake mjamzito, nyuma yake mwanamume mwenye mkono uliofungwa kwa kipande cha shuka. Foleni ikasogea. Swichibodi aliinua macho.

"Wodi gani?" aliuliza, uso hauna kitu.

"Sitafuti wodi. Nimekuja kukwambia nakata."

"Nini?"

"Swichibodi ya hospitali, wanaihamisha. Wanakutoa kazini kwako, hawajakwambia, nami ndiye niliyepewa koleo. Nitakata. Kama una mtu kwenye laini, maliza naye." Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ndivyo ilivyotakiwa kusemwa. Najua nimechelewa."

"Mzee, sogea, mkono unaniuma," alisema mtu wa nyuma.

"Nina jambo la pili, ndugu yangu, nivumilie. Yule mama nimemwona."

Beji ilitikisika kifuani kwa Swichibodi. "Yupi?"

"Uliyemwambia asubiri. Binti mzima, mtoto mzima, ana sauti kubwa kuliko wewe. Bibi ameniambia nikwambie amechoka kusubiri, uende mwenyewe ukamwambie."

Swichibodi aliweka kiganja mdomoni. Akakiweka tena mezani. Foleni nzima ilisogea kusikiliza, hata yule mjamzito aliyekwishaelekezwa alikuwa hajaenda.

"Umempata vipi?"

"Nguzo kwa nguzo."

"Na goti hilo?"

"Limekasirika."

Jaribio akaongeza, sasa kwa sauti ya chini, ingawa watu waliinama ili wasipitwe: "Ile bodi iko juu ya meza. Meneja alitaka kuandika kikadi, nimemkatalia, nikasema mwenyewe yupo. Na mimi, mpenzi, mwisho wa mwaka nastaafu. Nimechoka kuisikia sauti yako kwenye waya. Nataka kuisikia jikoni."

"Jikoni kwangu anaongea mdogo wangu peke yake," alisema Swichibodi. "Hutapata nafasi."

"Jikoni kwangu hakuna anayeongea."

Mwenye mkono mbovu akaguna. "Dada, mkubalie bwana, sisi tupite."

Kicheko kilipita kwenye foleni, na hata Swichibodi kilimgusa pembeni mwa mdomo, kikaondoka. Alimwonyesha Jaribio benchi la wagonjwa ukutani.

"Subiri kidogo," alimwambia.

Jaribio akaenda akakaa. Swichibodi akarudi kazini: kushoto, mama, ngazi ya pili, hapana, ulikotoka. Jua lilihama kutoka shavu moja hadi jingine. Watu walikuja, wakaelekezwa, wakaenda. Mara mbili alimtupia jicho akidhani amekwisha kuondoka, mara mbili akamkuta pale pale, mikono magotini, amekaa kama mtu aliyeambiwa neno akaliamini.

Alasiri alikuja mwenzake wa zamu. Swichibodi alivua beji, akaiweka mezani. Aliizima simu yake ya mkononi, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu. Kisha akaja polepole, akakaa kwenye benchi kando ya Jaribio, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Nimechoka," alisema.

"Na mimi."

"Kikadi utaandika hivi: hapa alikaa mtu. Basi. Usiongeze neno."

"Sitaongeza."

"Na kesho utanipeleka kwa yule bibi."

"Nitakupeleka."

"Na siku nyingine ukiwa na neno la kunikata, unapiga kwanza. Hata kama ni mimi nitakayepokea. Hasa kama ni mimi."

"Nitapiga kwanza."

Waliketi. Mbele yao mlango wa hospitali ulifunguka na kujifunga. Jaribio alitafuta pa kuanzia, mwishowe akasema kile pekee alichokuwa akikijua tangu mwanzo.

"Jaribio," alisema. "Unanisikia?"

Swichibodi alimgeukia, akamwekea kichwa begani.

"Nakusikia," alisema. "Sema."